Kutoka laiki hadi pesa mkononi: mwaka wa kwanza wa kuuza madera mtandaoni

Wengi wanaoanza kuuza madera na vitenge mtandaoni hapa Dar es Salaam huanza kwa kutafuta nembo, jina la kuvutia na wafuasi. Pesa haiingilii huko. Inaingilia kwenye chati, mteja anapouliza bei, na kwenye mzigo, anapoufungua na kukuta kile kile alichokiona pichani. Nimeyapanga haya kwa mfuatano wa mwaka wa kwanza wa biashara hiyo, kwa mtaji wa kawaida wa Kariakoo, kwa sababu inauma kuona mtu anamaliza akiba yake kwenye mambo ambayo angeelezwa mapema asingeyalipia.

Kazi ya kwanza ni laini ya simu. Nunua laini ya biashara peke yake, isajiliwe kwa kitambulisho chako mwenyewe cha NIDA na alama za vidole vyako, si vya shemeji wala vya kijana wa kibandani. Laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine ikipotea, kuirudisha kunamhitaji yeye, na laini hiyo ndiyo inayobeba WhatsApp, namba ya malipo na wateja wako wote. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kisha weka WhatsApp Business. Ilitoka mwaka 2018, ni ya bure, na inakaa kwenye simu moja na WhatsApp ya kawaida ilimradi namba ziwe mbili tofauti. GB WhatsApp na ndugu zake achana nazo. WhatsApp huzifungia namba zinazotumia programu za kughushi, na namba ya biashara ikifungiwa wiki moja kabla ya Idi, hakuna wa kumlilia.

Siku hiyo hiyo, kabla hata ya picha ya kwanza, washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye WhatsApp, ile PIN ya tarakimu 6, na kwenye Instagram pia, halafu nakili namba za akiba za Instagram, zile za kuingilia ukipoteza simu, kwenye karatasi uiweke nyumbani. Watu huahirisha hili kwa sababu akaunti bado ndogo. Akaunti ikishakua, anatokea mtu anayejifanya wa huduma kwa wateja au rafiki yako, anakuomba msimbo uliotumiwa kwa SMS, na ukimpa, ndani ya dakika chache ameingia yeye na wewe umetolewa nje. Anaanza kuwauzia wateja wako mzigo usiokuwepo. Fedha wanazopoteza wao, lawama zinakuja kwako.

Kwenye Instagram chagua akaunti ya biashara, ni bure, na inakuonyesha takwimu. Mstari wa jina, ule unaokaa juu ya maelezo, hutumika mtu anapotafuta. Ukiandika jina la duka pekee, atakupata anayekujua tayari. Ukiandika “Madera na Vitenge Dar es Salaam”, atakupata anayetafuta dera. Maelezo yana nafasi ya herufi 150 tu, hivyo usiyajaze misemo. Weka unachouza, eneo ulipo, kama unatuma mikoani, na namba ya WhatsApp. Posti tatu unaweza kuzibandika juu ya ukurasa. Ya kwanza iwe na bei na jinsi ya kuagiza, ya pili gharama za kufikisha mzigo, ya tatu vipimo. Kila swali linalojibiwa hapo ni chati moja iliyopungua usiku ukiwa umechoka.

Sasa mzigo. Ukiingia Mtaa wa Kongo na mtaji wa shilingi 300,000, usirudi na madera 25 ya aina 25. Mteja ataipenda bluu, utaiuza, na wenzake watano watakaoiulizia baadaye watajibiwa “imeisha”. Aina nne au tano, kila moja rangi mbili au tatu, zinatosha kupiga picha nyingi na bado ukawa na kitu cha kuuza. Muulize mwenye duka mzigo wa aina hiyo ameleta kiasi gani na kama utaendelea kuwepo wiki mbili zijazo. Wauzaji wa jumla wengi wanakubali upige picha mzigo wao ukauze kwanza, uje kuchukua ukishapata oda. Njia hiyo haifungi mtaji, ila ina hatari yake: umeshalipwa asubuhi, ukifika saa nane mchana rangi ile imechukuliwa yote na mtu wa Lubumbashi au wa Moroni. Anayeuza kwa mtindo huo ampigie mwenye duka kabla ya kupokea pesa ya mteja, kila mara, hata kama jana yake aliuona mzigo.

Picha ndizo zinazoleta ugomvi mwingi kuliko kitu kingine, na sababu kubwa ni mwanga. Taa nyeupe ya dukani huivuta rangi kuelekea bluu, taa ya njano ya sebuleni huifanya krimu ionekane dhahabu. Piga karibu na dirisha au barazani penye kivuli, kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi, na usiweke kichujio chochote kwenye nguo. Piga nguo nzima ikiwa imevaliwa, piga karibu uonekane ushonaji na maua ya kitambaa, kisha piga utepe wa kupimia ukiwa umelazwa juu ya nguo. Andika kwa inchi urefu kutoka bega hadi pindo na upana wa kifua kutoka kwapa hadi kwapa. Kuandika “free size” ni kumwachia mteja abahatishe. Dera la inchi 56 na la inchi 60 kwa mwanamke yule yule ni nguo mbili tofauti. Moja inamfika kwenye kifundo cha mguu, nyingine anaikanyaga. Kama kitambaa ni rayoni, sema kinasinyaa kwenye maji ya moto. Wapo wateja watakaoahirisha kununua kwa sababu hiyo, lakini atakayenunua hatarudi na malalamiko.

Video inahitaji vifaa vichache kuliko watu wanavyodhani. Simu isimame wima, mvaaji atembee hatua chache na kugeuka ili kitambaa kionekane kinavyoanguka, na ndani ya sekunde tatu za mwanzo iwe imeshajulikana kinachouzwa na bei yake. TikTok na rili za Instagram huonyeshwa kwa watu wasiokufuata, kwa hiyo usianze kwa salamu ndefu. Nyimbo nazo ziangalie. Akaunti za biashara hazipewi nyimbo zote, na video yenye wimbo usioruhusiwa inaweza kuondolewa sauti. Ongea mwenyewe juu ya picha. Sauti ya mwenye mali ikielezea nguo yake inajenga imani ambayo wimbo hauwezi kuileta.

Kisha kinakuja kipindi kigumu, wiki za ukimya. Umeposti, marafiki wamelaiki, shangazi ameandika “hongera mwanangu”, na hakuna aliyenunua. Hapa ndipo wengi hununua wafuasi. Nasema bila kusita kwamba fedha hiyo imetupwa. Wafuasi wa kununua hawafungui chati, na kwa kuwa hawagusi posti zako, Instagram inaona watu wengi wamekupuuza na inapunguza kukuonyesha hata kwa wanaokupenda kweli. Wengine huingia kwenye kushindana na akaunti kubwa ya mtaa wa pili, kila laiki ya mwenzao inawakata moyo. Takwimu za kuangalia kipindi hiki ni mbili: watu wangapi wamehifadhi au kushea posti, na wangapi wamekuja kwenye chati. Dera lililopata laiki 15 na watu saba kuulizia lina thamani kuliko lililopata laiki 400 na kimya.

Bei iandikwe. Najua hoja za wanaoficha: washindani wataona, mteja akija chatini ni rahisi kumshawishi. Mshindani anaijua bei yako tayari, mnanunua mtaa mmoja. Anayefukuzwa na “bei njoo DM” ni mteja mwenye bajeti ya 20,000 anayeona aibu kuuliza akaambiwa 45,000. Wanaokuja nao wanajaza chati zako kwa swali moja, na nusu yao wanapotea baada ya kujibiwa. Andika: “Dera la rayoni, inchi 58, bluu na kijani, 20,000. Tupo Ilala, tunafikisha Dar yote, mikoani tunatuma kwa basi.”

Kwenye chati, jibu kwa ujumbe mmoja uliokamilika. “Karibu dada. Dera hilo ni 20,000, lipo la bluu na la kijani, urefu inchi 58. Uko eneo gani nikuambie nauli ya boda?” Ujumbe huo umesalimia, umetaja bei, umethibitisha kwamba kipo, na umeuliza swali linalosogeza biashara. Hifadhi majibu ya namna hii kwenye majibu ya haraka ya WhatsApp Business ili usiyaandike upya kila siku. Usimwite kila mtu “mpenzi” au “mamii”, kwani aliye upande wa pili anaweza kuwa baba anayemnunulia mkewe au mama wa umri wa mama yako, na akikuandikia kwa heshima zake, mpe “shikamoo” yake. Weka saa zako za kujibu, labda saa mbili asubuhi hadi saa tatu usiku, na ujumbe wa kujijibu wenyewe nje ya saa hizo. Asiyeweka mipaka hujikuta anajibu saa saba usiku, na asubuhi anamjibu mteja vibaya kwa uchovu.

Pesa nayo ina njia zake. Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara ni bora kuliko kupokea kwenye namba ya kawaida, kwa sababu mlipaji anaona jina la biashara kabla ya kuthibitisha, na wewe unaacha kubishana kuhusu “ya kutolea”. Uliza makato yake kwenye mtandao wako kabla ya kupanga bei, usiyagundue baadaye. Na usitoe mzigo kwa kuangalia skrinishoti au SMS. SMS ya kughushi inafanana na ya kweli hadi kwenye kumbukumbu namba, tofauti ni kwamba mara nyingi inatoka kwenye namba ya kawaida ya simu. Fungua menyu yako, angalia salio, ndipo ufunge mzigo. Mwizi kwa kawaida ana haraka: boda wake yuko nje, anasafiri, mgonjwa yuko hospitali. Haraka yake isikuharakishe. Wale wa “ile pesa tuma kwenye namba hii” ripoti namba yao TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040.

Kufikisha mzigo kunameza faida kimya kimya. Tengeneza orodha ya nauli za boda kwa maeneo kutoka ulipo, ukiiandika kwa kuwauliza madereva wawili watatu, na uiboreshe bei ya mafuta ikibadilika. Kigamboni, Tegeta na Mbagala si safari moja. Kwa mteja mpya anayetaka kulipa akipokea, chukua nauli kwanza. Ukiiacha, siku moja boda atafika Kimara, simu haipokelewi, na utalipa kwenda na kurudi kwa nguo isiyouzwa. Nauli ya mbele inamchuja asiye na nia bila maneno makali.

Mikoani mzigo unaenda kwa basi, mengi yakianzia Kituo cha Magufuli pale Mbezi. Mabasi mengi ya Mwanza, Bukoba na Mbeya huondoka alfajiri, kwa hiyo mzigo ufike ofisi ya basi jioni ya kuamkia safari. Funga nguo kwenye nailoni kwanza kisha kwenye mfuko wa nje, maana mvua na mafuta ya mizigo mingine havichagui. Andika kwa kalamu isiyofutika jina la mpokeaji, namba zake mbili na mji anaopokelea. Piga picha mzigo uliofungwa, risiti na namba ya basi, mtumie mteja zote tatu pamoja na jina la ofisi atakayochukulia. Mzigo ukipotea, ofisi ya basi itauliza risiti kwanza. Usiyekuwa nayo huna kesi, na mteja anakudai wewe.

Miezi mitatu au minne ikipita hivi, ndipo lipia tangazo. Kabla ya hapo unalipia watu waje kwenye chati isiyojibiwa vizuri. Unapolipia, chagua lengo la ujumbe, si la kutembelea ukurasa, ili kinachopimwa kiwe chati za WhatsApp. Weka eneo unalofikisha kweli. Tumia posti ambayo tayari iliuza bila kulipiwa. Mwenye iPhone alipie kupitia kivinjari, kwani mwaka 2024 Meta, kampuni yenye Instagram na WhatsApp, ilitangaza kwamba kulipia ndani ya programu kwenye iPhone kunaongezewa 30% ya Apple, ikianzia Marekani. Kisha piga hesabu bila kujionea huruma. Tuseme umeweka 50,000 kwa siku tano, wamekuja watu 60, wamenunua 9. Kila mnunuzi amekugharimu takriban 5,600. Dera ulilinunua 12,000, unauza 20,000, faida ghafi ni 8,000. Toa mfuko 300, makato, na mgawo wa nauli ya kwenda Kariakoo. Unabaki na kama 1,500. Tangazo hilo limefaa iwapo kati ya hao 9 wapo watakaorudi kununua bila wewe kulipia tena. Wasiporudi, umemfanyia Meta kazi ya wiki nzima.

Usilizime wala kulibadilisha tangazo kila baada ya saa chache. Mfumo unahitaji muda kujifunza nani hununua, na kila badiliko kubwa hurudisha masomo nyuma. Upe siku nne au tano.

Kuhusu kumlipa mtu maarufu akuposti, omba kwanza takwimu zake za miji na idadi ya wanaotazama stori zake, si wafuasi. Watu maarufu wa Bongo wanafuatwa sana Nairobi, Mombasa, Bujumbura na Goma, na ni jambo la fahari, ila kama hutumi mzigo nje ya nchi unalipia macho yasiyoweza kununua. Kubalianeni kwa maandishi: posti ngapi, zikae siku ngapi, namba ipi itajwe.

Picha za wateja wakiwa wamevaa nguo zako zinauza kuliko za kwako, lakini omba ruhusa kwa maandishi, hata ujumbe wa “naruhusu uiposti” unatosha kuutunza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina ya mwaka 2019, na mwaka 2023 sehemu moja ya starehe jijini Nairobi ilipigwa faini ya shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuposti picha ya mteja bila ridhaa yake. Skrinishoti za chati zenye namba za watu ziko kwenye fungu hilo hilo.

Kinachobaki ndicho ninachokiona kuwa mali halisi ya biashara hii, nacho ni daftari la wateja. Tarehe, jina, namba, eneo, alichonunua, kipimo chake, bei ya kununulia na ya kuuzia, na umetuona wapi. Swali hilo la mwisho uliza kila mnunuzi. Baada ya miezi michache linakuonyesha wazi kama pesa inatoka TikTok, Instagram, stetasi za WhatsApp au mdomo wa mteja wa zamani, na mara nyingi majibu ni tofauti na ulivyodhani ukihesabu laiki. Mwombe kila mnunuzi ahifadhi namba yako, na wewe uhifadhi yake, kwa sababu stetasi haionekani kwa asiyekuhifadhi, na ujumbe wa orodha ya matangazo ya WhatsApp, unaochukua hadi watu 256, haumfikii pia. Tuma mara moja kwa wiki mzigo mpya ukifika, si kila asubuhi. Watu wakikublokia na kukuripoti kwa wingi, namba inafungiwa.

Daftari hilo liwe na nakala nje ya simu. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja kwa takriban saa sita, duniani kote. Uganda ilizima intaneti wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, na hapa kwetu intaneti ilikatika kwa siku kadhaa kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025. Aliyekuwa na namba za wateja kwenye karatasi, pindi simu za kawaida zinapopatikana, aliweza kuwapigia na kuwaambia mzigo wao uko wapi. Aliyekuwa nazo kwenye chati pekee alisubiri.

Daftari pia ndilo linalokuambia ununue lini. Madera ya Idi huanza kuulizwa tangu Ramadhani ikianza, na wiki ya mwisho mafundi wa kupunguza urefu hawapatikani na mabasi yamejaa, hivyo mzigo wa mikoani uwe umeondoka kufikia kumi la pili. Vitenge vya sare za harusi vinahitaji pisi nyingi za ua moja: ukipata oda ya watu 20, chukua malipo ya awali yanayotosha kununua pisi zote siku hiyo hiyo, na ongeza mbili. Daima kuna shangazi anayejiunga mwishoni, na ua hilo halitakuwepo tena Kariakoo.